Picha Haijapigwa Mpaka Ilie

Njoki wangu,

Umeenda kusukwa, na msusi wako ninamjua: akishakushika kichwa hakuachilii mpaka jua litue. Nimefunga studio, nikageuza kibao cha mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze nina mchana wangu mwenyewe. Mambo ya sweta, dawa za malaria na kupiga simu ukifika nitakuambia kesho kwa mdomo, maana hata nikiyaandika hutayasoma. Hapa nataka tuzungumze juu ya kamera.

Usicheke. Wengine huandikiwa na mama zao barua za kuwaonya juu ya wanaume. Hao utajionea mwenyewe.

Jumapili ya juma lililopita tukiwa mezani ulisema, "Mum, watu wa ile kambi ya watalii wanataka nikifika niwaambie waninunulie kamera gani. Nimeamua ni ya kwetu tu, kampuni ileile ya yako. Si nitatumia lenzi zako?" Kisha ukajaza chapati mdomoni ili usiulizwe swali. Nikajibu "Sawa," nikaondoa sahani. Lakini mimi nilikuwa nawe kule dukani wiki iliyotangulia. Nilikuona ulivyoishika ile mpya iliyotoka juzi, inayosemwa na kila mtu. Uliiinua mpaka jichoni ukanyamaza. Wewe, ambaye daktari wa meno alishindwa kukung'oa jino kwa vile hukuacha kuongea! Hapo nikajua kwamba hiyo "ya kwetu" umeichagua kwa ajili yangu, usije ukanionyesha kwamba lenzi nilizokuwekea miaka yote hazina kazi.

Kambi itanunua mara moja tu. Utakayoitaja kesho ndiyo utakayoamka nayo kila alfajiri huko Mara, ukiwapigia wageni simba na chui, na kwa picha hizo ndipo watu watakapolijua jina lako au wasilijue. Ukikosea kwa sababu ya huruma, mimi nitaiona huruma hiyo katika kila picha utakayonitumia, na itaniuma.

Basi nikafanya jambo ambalo sikukuambia. Ijumaa nilirudi kwa yule mama wa duka la kamera, tukakumbushana ya zamani, nikamsifu mtoto wake, nikatoka na kamera mbili za kuazima mpaka Jumatatu: ile mpya, na ile ya kampuni yetu unayotaka kuwatajia. Ya tatu niliipata kwa rafiki yangu Mama Tito, ile yake ndogo anayorekodia video za ruracio, zile sherehe za mahari. Majina ya kampuni unayajua, sina haja ya kuyatangaza bure. Tuziite Mpya, Ya Kwetu na Ndogo. Kamera yangu mwenyewe, ile nzee yenye kioo ndani, haimo kwenye mashindano haya. Imestaafu, ila kila Jumamosi bado inaenda kazini.

Nikwambie ukweli: nilianza nikiwa na nia mbaya. Nilitaka Ya Kwetu ishinde. Nilikuwa nimeshaitungia hotuba.

Unajua nilivyo. Nilipoanza kazi hii, filamu ilikuwa ndiyo mfalme, na mimi nilikuwa mjakazi wake mwaminifu. Kamera za digitali zilipofika Nakuru nilizicheka. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwa methali tuliyokaririshwa shuleni: usiache mbachao kwa msala upitao. Shule zilizokuwa zikiniita kupiga picha za darasa zikaanza kupungua moja moja. Mwalimu mkuu mmoja, mtu mpole, aliniambia, "Mama Njoki, wazazi wanataka kuona picha siku hiyo hiyo, hawataki kungoja wiki." Nikamlaumu mwalimu, nikawalaumu vijana, nikalaumu hata stima. Nilipokuja kununua digitali, wenzangu walikuwa wanauza za kwao wachukue za pili. Methali haikuwa na kosa. Mbachao wangu ulikuwa umetoboka, nami nilikuwa nimeukalia kwenye tundu nisilione.

Na kosa la pili unalijua kwa sababu huwa unalipaka dawa. Kwenye harusi moja Lanet nilienda na kamera nzuri tu lakini ndogo kwa umbo. Mwenyekiti wa kamati akaitazama mbele ya watu akaniuliza, "Sasa mathe, hii ndiyo kamera ama ni ya kutoa passport?" Watu wakacheka. Wiki iliyofuata nikaifungia kile kishikio cha betri cha chini, ambacho sikukihitaji, na mbele nikaivalisha kofia ya lenzi pana kama sufuria ya ugali, ili nionekane mpiga picha. Nimebeba uzito huo kila Jumamosi kwa miaka. Kiwiko changu kikilia usiku wa baridi, huyo ni mwenyekiti anacheka.

Kwa hivyo usishangae nikikuambia jambo la kwanza: usiichague kamera kwa macho ya mtu anayekutazama ukiwa umeibeba. Mpya ni nzito na inatisha, na wageni wa kambi wataiheshimu kabla hujapiga hata picha moja. Hiyo si sifa yake. Nimeitoa hiyo kwenye hesabu, na mapenzi ya jina la kampuni yetu nikayatoa pia, ingawa ilinichukua muda.

Jumamosi asubuhi nilienda ziwani, upande ule maji yalikokula ua wa mbuga na miti imebaki imekufa wima. Nilikuwa nikimtafuta mdiria, yule ndege mdogo mweusi kwa mweupe anayesimama hewani akipigapiga mabawa, halafu anajiachilia majini kama jiwe. Kwa miaka yote nimempiga picha nyingi sana za maji yanayoruka. Yeye mwenyewe huwa ameshaingia.

Nilianza na Ya Kwetu, kwa heshima. Ilimshika. Kile kiboksi kinachofuata jicho la ndege kilimkuta upesi, na picha tatu nne zilikuwa safi kabisa. Lakini akipita mbele ya majani kiboksi kinamwacha kinashika majani, kama mtoto uliyemtuma dukani akakutana na mpira njiani. Ndogo nayo ilijitahidi, ila lenzi ndefu ya Mama Tito si ya ndege, kwa hivyo sitaihukumu kwa hilo.

Kisha nikaitoa Mpya. Njoki, ile kitu ikishika jicho haiachi. Majani, matawi, mwanga wa maji, haijali. Inang'ang'ania kama mama mkwe aliyesikia nusu ya siri. Na ina ujanja ule uliokuwa ukinieleza nami nikijifanya sisikii: ukiweka kidole nusu, inaanza kuweka picha kimyakimya, na ukibonyeza inakupa pia zile za kabla hujabonyeza. Nilikuwa naona huo ni wizi. Mpiga picha anapaswa kuiwahi nukta mwenyewe, ndivyo nilivyofundishwa. Mdiria akajiachilia, kidole changu kikachelewa kama kawaida yake, nikabonyeza maji yakiwa tayari yanaruka. Nilipotazama nyuma, alikuwamo. Mdomo umegusa maji, maji hayajajua bado.

Lakini hilo silo lililonikalisha chini. Kamera yangu ina kioo ndani, na ukibonyeza kioo kinaruka juu, kwa hiyo nukta ile mpiga picha haoni kitu. Ni giza tu, kisha watu wanarudi. Nilikuwa nimezoea hata sikumbuki kwamba lipo. Katika Mpya hakuna kioo wala hakuna giza. Unabonyeza na unaendelea kuona. Nilimwona ndege akiingia majini wakati uleule ninampiga. Nikafikiria harusi zote nilizopiga, pete zote. Njoki, sijawahi kuona pete hata moja ikiingia kidoleni. Zote nimeziona kwenye picha baadaye. Nilikaa kwenye jiwe nikalia kidogo, na kijana wa boda aliyekuwa amenileta akasogea akaniuliza, "Mathe, uko poa?" Nikamwambia ni vumbi la magadi.

Basi hotuba yangu ya Ya Kwetu ikaishia hapo ziwani. Hata hivyo mimi si mtu wa kuvutwa na ndege mmoja. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na vidonda vya Mpya nimevitafuta nikavipata.

Inakula betri kama mtoto wa bweni aliyekuja likizo. Beba tatu, na zote ziwe zimejaa kabla jenereta ya kambi haijazimwa. Haitaki memori kadi za kawaida. Ukiipa ya pole pole inakugomea katikati ya mbio za duma. Waambie kambi wanunue kadi za kasi pamoja na kamera, siku hiyohiyo, kabla furaha haijawaishia. Halafu inapiga kwa wingi mno. Jumamosi jioni nilikaa kuchagua picha moja ya ndege mmoja kati ya mamia, mpaka macho yakaona mdiria ukutani. Utajaribiwa kuiachia tu, iteme picha kama bomba lililopasuka, useme utachagua baadaye. Wengi watafanya hivyo, na picha zao zitafanana. Wewe ngoja. Mimi nililelewa na filamu ya picha thelathini na sita, na hiyo ndiyo faida pekee niliyopata kwa ukaidi wangu: najua kungoja. Nakupa bure.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Kabazi kwa Shosho wako. Nilitaka uso wa mama yangu, maana hakuna kipimo cha kamera kinachoshinda uso unaoujua.

Jikoni kwake, unajua kulivyo: dirisha moja, moshi, na moto. Huko Mpya iliaibika kidogo. Ina nukta nyingi sana zilizobanana, na gizani picha inakuwa na chengachenga kama unga wa kusaga mwenyewe. Ndogo ya Mama Tito ndiyo iliyoona gizani kama paka. Kama kazi yako ingekuwa ya mikesha na vyumba vya giza, ningekuambia chukua Ndogo na ucheke wanaokucheka. Na kwa rangi, Ya Kwetu ilizishinda zote. Ilimpa Shosho udongo wake, ule wekundu wa shamba la Kabazi ulio kwenye mashavu yake. Mpya ilimfanya wa kijivu. Ilibidi nizungushe mipangilio ya rangi karibu nusu saa ndipo arudi kuwa mtu wetu. Hilo ulishike: ukifika, kabla ya kumpiga simba yeyote, waweke mbele ya lenzi mpishi, dereva na askari wa lango, urekebishe mpaka kila mmoja akubali kwamba ni yeye. Usikubali kamera ikuambie mtu mweusi ana rangi gani.

Halafu tukatoka nje kwenye mwanga, na hapo ndipo lilipotokea lile nililotaka kulifikia tangu mwanzo.

Shosho alifunga kitambaa cha kanisani, akasimama kando ya tangi la maji, mikono imebana mapajani, kidevu juu. Mbuzi wake alikuwa nyuma kidogo akitafuna. Nikampiga na Mpya. Nilipiga kama mara kumi, nikashusha kamera nikasema, "Nimemaliza, Mama."

Hakusogea.

"Mama, nimemaliza."

"Haijanipiga," akasema bila kufungua meno.

"Imekupiga. Mara nyingi."

"Wambui, usinidanganye. Mimi nimepigwa picha tangu ile ya kitambulisho. Picha ikikupiga unasikia. Hiyo haijalia."

Njoki, mama alikuwa ameshikilia pumzi. Mishipa ya shingo imemtoka. Sisi sote tulifundishwa hivyo: simama wima, usipumue, mpaka usikie ule mlio. Kwa Kiswahili chetu picha hupigwa, na anayepigwa lazima asikie. Mimi nikiwa nyuma ya lenzi nilikuwa nafurahia ukimya wa mashine, kumbe mbele yake mtu anangoja kuachiliwa.

Nikaanza kuhangaika kutafuta mahali pa kuwasha sauti. Menyu ya ile kamera ina vyumba vingi kuliko hoteli. Nikitafuta huko ndipo nikaona kwamba tangu ziwani nilikuwa nimeiacha kwenye upande wa wanyama. Nikarudi kutazama zile picha kumi. Mbuzi alikuwa safi, kila unywele wa kope unahesabika. Shosho alikuwa ukungu. Mashine ya bei ile, iliyotoka juzi, ilikuwa imewapima wawili hao ikamchagua mbuzi!

Nikairudisha kwenye watu. Sauti sikuiona bado, na mama alikuwa anaanza kuyumba. Basi nikainua kamera, nikaweka kidole, nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa nguvu: "Kacha!"

Shosho akaachia pumzi yote, akaniangalia, akaelewa, akacheka mpaka kitambaa kikateleza. "Wee mtoto! Sasa wewe ndiye kamera?" Kidole kikachelewa, lakini Mpya ilikuwa imeshaanza kabla yangu. Picha hiyo nimeichapisha, iko ndani ya bahasha hii. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumpata mama akicheka. Nilikuwa nampata amekakamaa akingoja mlio, au baadaye, akiwa ameshashusha mabega anaulizia chai.

Sasa nakuambia, na nimepima kila upande: waambie wakununulie Mpya. Si kwa sababu imetoka juzi. Ni kwa sababu kazi yako ni viumbe wasiongoja, na hiyo ndiyo inayowaona. Chui hataki kusikia kitu, kwa hivyo mbele yake iache iwe kimya. Lakini ukiigeuza kwa watu, washa ule mlio. Nimeupata baadaye, uko ukurasa wa mwisho kabisa ambapo hakuna anayefika. Ukienda kwa mama wa manyatta aliyesimama wima akikungojea, ausikie. Utaonekana mshamba mbele ya wapiga picha wenzako wanaojivunia ukimya. Mtu ana haki ya kujua kwamba amepigwa, na kwamba sasa anaweza kupumua. Mimi nimelijua hilo juzi tu kando ya tangi la maji, uzeeni, na ndilo la maana kuliko yote niliyoandika hapa.

Lenzi zangu usizionee huruma. Nilijaribu kile chuma cha kuziunganisha na Mpya. Zinaona, lakini zinatafuta jicho kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa. Chui atakuwa amefika Narok. Zitabaki hapa nami. Zina ubatizo wa kupiga na mahafali, na Mama Tito ana binti anayeolewa. Hazikuwa deni, Njoki. Nilikuwekea kwa sababu sikujua utakuwa na macho yako mwenyewe. Sasa najua, na nafurahi.

Sina wasiwasi na wewe. Nimekuona ukingoja pale lango la mbuga kwa saa nzima kwa ajili ya nyati mmoja aliyekataa kugeuka, na ulipompiga ulimpiga mara moja. Hilo hawaliuzi dukani. Kamera nimekuchagulia, jicho ulikuwa nalo.

Kesho asubuhi gari la kambi likifika getini, usikimbilie kupanda. Simama pale ukutani, hapo rangi ilipobambuka, na nywele zako mpya. Kamera za kuazima nimesharudisha, kwa hivyo nitatumia ile yangu nzee yenye kioo. Ukiniona nimeiinua, usipumue. Nikibonyeza nitaingia kwenye lile giza na sitakuona, lakini wewe utasikia.

Huenda nikakawia kubonyeza. Usiniambie "Mum, harakisha." Kidole changu unakijua. Simama tu mpaka ilie, halafu uende.

Mama yako,
Wambui